Ala ya Koplo

Katika jumba la makumbusho walimwita Jicho, na hata mkurugenzi alikuwa amesahau kwamba mwanamke yule alikuwa na jina jingine. Kazi yake ilikuwa vyuma. Ukimletea kofuli, jembe, beji ya kofia au kitasa cha mlango, alikigeuzageuza, akakisogeza chini ya kioo chake cha kukuzia, na mwisho akakwambia kimetoka wapi na kimepitia mikono ya watu gani. Lakini kilichompa sifa hasa ni visu vya zamani vya jeshi. Hapo hakuwa na mpinzani, na mwenyewe alijua, wala hakujifanya hajui.

"Kisu cha askari hakidanganyi," alizoea kuwaambia wageni waliopitia karakana yake. "Anayedanganya ni mwenye kisu."

Kisha huwaonyesha. Tazameni hapa shingoni, bapa linapoingia kwenye mpini: hii ni chapa ya kiwanda, na chini yake mwaka. Tazameni na hiki chuma kinachokinga vidole: nyota ndani ya duara, mhuri wa mkaguzi, maana yake jeshi limekipima kisu na kukikubali. Ukigeuza upande wa pili, unaona nambari ya askari aliyekabidhiwa. Halafu msisahau ala, maana wengi huidharau kama ganda la ndizi. Ngozi nayo ilipigwa chapa, huku nyuma, chini ya kitanzi cha kupitishia mkanda, na nambari yake sharti ifanane na ya kisu, kwa kuwa vilitoka stoo pamoja kama maharusi. Kisu kikiwa na nambari hii na ala ile, ujue kuna ndoa imevunjika hapo katikati.

Wageni walicheka. Walaghai hawakucheka. Wapo waliochukua kisu cha juzi, wakakizika kwenye majivu na chumvi kishike kutu, kisha wakagonga nyota yao juu yake. Jicho aliwagundua kabla hawajamaliza salamu. Chapa ya kweli, kutu imeingia ndani yake na kulala humo. Chapa ya jana hukata kutu katikati, kama mtu aliyekanyaga saruji mbichi.

Mwaka ule jumba liliamua kufungua ukumbi mpya wa askari wa zamani, na mtu wa kwanza kujitokeza na zawadi alikuwa kaka yake mkubwa Jicho.

Kaka alikuwa mkandarasi wa barabara, mtu wa kifua mbele na sauti ya kuita vibarua ng'ambo ya bonde. Katika ukoo wao, marehemu baba hakuitwa baba. Aliitwa Koplo, na wao waliitwa watoto wa Koplo mpaka walipoota mvi. Koplo alirudi kutoka vitani na kisu kiunoni. Alifariki Jicho angali ananyonya, na tangu siku ile kisu kilikaa kabatini kwa kaka, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Hakikutolewa ila kwenye harusi na misiba mikubwa. Hapo kaka alikiinua juu na kusimulia jinsi Koplo alivyopambana na adui mkono kwa mkono. Jicho alipokuwa shule ya msingi, maadui walikuwa wawili. Siku ya harusi yake walishafika kikosi kizima.

Yeye mwenyewe hakuwahi kukishika. "Kisu cha vita hakichezewi na kitinda mimba," kaka alikuwa akisema, na neno la kaka mkubwa katika nyumba isiyo na baba lilikuwa sheria. Kwa hiyo Jicho alishika visu vya watu wa mbali, vya majemadari na vya wapishi wa kambini, akavijua kama vidole vyake, lakini cha baba yake alikijua kwa hadithi tu.

Asubuhi kaka alipokileta, mkurugenzi alitoka nje kumpokea. Picha zilipigwa. Siku ya ufunguzi ilishatangazwa, na mahali pa kisu, katikati kabisa ya ukumbi, palishatengwa. Kaka alikiweka mezani kwa Jicho kwa mikono miwili.

"Haya, mdogo wangu. Leo ruksa. Kikague mpaka utosheke."

"Kaka, naogopa kukigusa."

"Kiguse. Huyo ni baba yako."

Alipobaki peke yake karakanani, Jicho aliosha mikono, akaikausha vizuri, akaanza na ala kama ilivyo desturi yake. Ilikuwa ngozi nene iliyoiva rangi ya kahawia, mshono wake wa nyuzi mbili umekazwa vizuri, na kibati cha shaba nchani. Aliigeuza. Chini ya kitanzi palikuwa na nyota ndani ya duara, mwaka wa vita, na nambari ya Koplo, ileile aliyoisoma tangu utotoni kwenye medali iliyotundikwa ukutani kwa mama. Moyo ulimjaa. Ilikuwa ala safi, ala ya kweli, na kama ingekuwa ya mtu mwingine angekwenda kumwita mkurugenzi aje aione.

Kisha akachomoa kisu.

Kilitoka kirahisi mno. Kisu na ala vilivyozeeka pamoja hushikana, unasikia ngozi inavuta pumzi. Hiki kilicheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha babu. Aliangalia shingoni. Chapa ya kiwanda ilikuwepo, nyundo mbili zilizopishana. Nyundo mbili! Kiwanda kile alikijua. Wakati wa vita kilipiga nyundo moja. Ya pili iliongezwa baadaye, kilipoungana na jirani yake. Mwaka haukuwepo. Kwenye chuma cha kukinga vidole hapakuwa na nyota, wala nambari, wala dalili kwamba viliwahi kuwepo vikafutika. Mpini haukuwa mti. Ulikuwa plastiki nyeusi iliyoigiza mti.

Alikitazama tena kwenye mwanga wa dirishani. Akabadilisha kioo. Akakipima na visu vingine vya kabatini. Mwisho akakaa kitini, mikono mapajani. Kilikuwa kisu cha dukani. Kizuri, imara, kimetunzwa, lakini hakikuwahi kuiona vita hata kwa mbali.

Wazo la kunyamaza lilimjia, asiseme mtu kwamba halikumjia. Kadi ya maelezo ya kisu ilishachapishwa. Ni nani mwingine angejua? Lakini alipojaribu kulikumbatia wazo lile, lilimchoma. Amewarudisha wangapi mlangoni kwa kosa hilihili? Leo aweke uongo wa nyumbani kwake katikati ya ukumbi, auwashie na taa? Alivifunga vile viwili, akaenda kumwambia mkurugenzi anaomba siku chache. Mkurugenzi alimtazama usoni, akaona pamebadilika.

"Kuna tatizo?"

"Sijui bado. Nikijua nitakwambia lilivyo."

"Basi nenda. Wewe ndiye jicho la nyumba hii, na sitakuambia ulifumbe."

Jumamosi mchana alikwenda kwa kaka. Mama yao aliishi hapohapo uani, katika vyumba viwili alivyojengewa, na bustani ndogo ya maua mbele yake. Bibi kizee yule alikuwa amekaa barazani na ungo wa mchele, akichambua, miguu imenyooshwa. Wifi alileta viti na chai. Jicho hakutaka kuzungushazunguka. Alipiga moyo konde, akasema yote, akionyesha kwa kidole: ala ni ya Koplo, bapa si lake.

Shingo ilimvimba kaka.

"Unasema baba alikuwa mwongo?"

"Sijasema hivyo, kaka. Nasema kisu hiki kimetengenezwa baada ya vita."

"Mimi nimekitoa kabatini kwa baba kwa mikono yangu hii! Nilikuwa mtoto wa shule, siku tulipomzika! Leo wewe uliyekuwa mgongoni unanifundisha?"

"Mwenye macho haambiwi tazama. Shika kioo, angalia mwenyewe."

"Sitaki kioo chako!" Kaka alisimama, kiti kikaanguka. "Watu wamealikwa. Vibarua wangu wanakuja, wakwe wanakuja. Unataka kumvua baba nguo mbele yao, ili uonekane mjuzi? Kazi yenu hiyo ni ya kufukua makaburi!"

Wifi akasema polepole, "Baba nanii, kaa chini, jirani wanasikia."

"Wasikie!"

Ndipo mama alipocheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Alicheka kwa mabega tu, ungo ukatikisika na mchele ukaruka. Watoto wake wote wawili wakamgeukia.

"Kisu hicho," alisema akifuta macho, "nilikinunua mimi."

Wifi akaweka kikombe chini.

"Nilikinunua kwa muuza vyuma, sokoni. Nilikwenda na hiyo ala nimeificha kwenye kapu, nikajaribu visu kimoja kimoja mpaka nikapata kinachoingia. Yule mwanamume alidhani nina kichaa. Mke wa mtu anavisha visu nguo!"

"Mama," Jicho alisema, "na kile cha jeshi kilikwenda wapi?"

Mama aliuweka ungo kando. Alimtazama mwanawe mkubwa, si binti, akamtazama kwa muda, kama anayepima kama mzigo utabebeka.

"Rudisha kiti, ukae," alimwambia. Kaka alikaa.

"Baba yenu huko vitani alikuwa kikosi cha barabara. Walitengeneza madaraja, wakafukia mashimo magari yapite. Nilimuuliza kisu amekitumia kufanya nini, akaniambia, 'Mke wangu, nimekata kamba na mikate.' Alikuwa mtu wa kweli. Hayo ya mkono kwa mkono, mwanangu, uliyaleta wewe. Ulikuwa mtoto uliyefiwa, ukitaka baba mkubwa kuliko baba za wenzako. Nikakuachia. Nilisema utakua, utayaacha. Kumbe ukayalisha yakanenepa."

Kaka aliinamisha kichwa. Mama hakumpa nafasi ya kusema.

"Baada ya yeye kutoka vitani, mwaka mmoja mvua zilikuwa kubwa. Tulipanda basi kwenda kumzika shangazi yake. Wewe ulikuwa na meno machache tu. Pale darajani basi likateleza, likalala ubavu mtoni, ukanitoka mikononi, maji yakaanza kuingia. Watu walipiga kelele mpaka sikusikia tena kelele. Baba yenu akatoa kisu, akavunja dirisha lililokuwa juu kwa kitako cha mpini. Akakata kamba za mizigo iliyotuziba. Akanisukuma mimi nje, akasukuma wazee, akasukuma watoto. Anatoka, anavuta pumzi, anarudi. Mimi ukingoni nakuhesabu wewe tu, na wewe hutoki."

Mkono wa mama ulikuwa umeshika goti la mwanawe.

"Kiti cha chuma kilikuangukia mguuni. Maji yamekufika kidevuni. Akapachika kisu chini ya chuma kile, akakikandamiza kwa uzito wake wote. Mwenyewe alisema kililia kama kengele. Chuma kikainuka, wewe ukachomoka, na kisu kikavunjika. Nusu ilibaki mtoni. Wewe ndiye wa mwisho kutoka, mwanangu. Kisu cha Koplo kilivunjikia kwako."

Hakuna aliyegusa chai. Kaka aliukunja mguu wake wa kushoto taratibu, akapandisha suruali, akalitazama kovu lililokuwa juu ya kifundo, ambalo maisha yake yote aliambiwa ni la kuanguka kwenye ngazi.

"Mbona hakusema?" aliuliza, na sauti ya kuita ng'ambo ya bonde haikuwepo.

"Kondakta alichukuliwa na maji. Kijana mdogo. Mama yake alikuja pale ukingoni, na baba yenu alimwona. Watu walipotaka kumbeba Koplo mabegani, alikataa. Akaniambia, 'Yule mama akisikia watu wananisifu, atauliza kwa nini wake hakutoka. Tusiseme.' Basi hatukusema. Lakini alirudi nyumbani ameshika ala tupu, anaifunga mkandani kila asubuhi, ananyanyua mkono kushika kisu, hakipo. Nilimwonea huruma. Ala bila kisu ni kama kinywa bila meno. Ndiyo nikaenda sokoni."

Jicho alikuwa analia, na wakati huohuo, kwa kuwa kazi ilishaingia mwilini, kichwa kilikuwa kinauliza maswali. Alijichukia kidogo, lakini aliuliza.

"Mama, nusu moja ilibaki mtoni. Na nusu nyingine?"

"Si ile pale."

Mama alinyoosha kidevu kuelekea bustanini. Katikati ya maua, kimechomekwa kwenye udongo, palikuwa na kile kijembe chake cha kupalilia: kipande kifupi cha chuma chenye mpini uliozungushiwa mpira wa tairi. Alikitumia kila siku ya Mungu. Wajukuu walikikanyaga, Jicho alikiruka kila alipokuja kumsalimia, na mara moja alikitumia kufungulia kopo la rangi.

Jicho alikwenda akakichomoa. Alipiga magoti palepale kwenye udongo, akaufungua mpira ule mzunguko kwa mzunguko. Ndani yake mpini ulikuwa mti, mweusi kwa jasho na miaka. Akapangusa tope shingoni kwa kidole gumba, kisha kwa pindo la gauni lake zuri. Nyundo moja. Mwaka wa vita. Akasugua chuma cha kukinga vidole: nyota ndani ya duara, kutu imelala ndani ya kila pembe yake. Akageuza. Nambari ikajitokeza tarakimu moja baada ya nyingine, na alizisoma kwa sauti, na kaka, aliyekuwa ameshika ala barazani, akamalizia zile za mwisho kabla yake.

"Ni yenyewe," Jicho alisema. "Kaka, ni yenyewe!"

Kaka alishuka barazani. Alikichukua kile kipande kwa mikono miwili kama alivyokuwa akikichukua kile kingine harusini, lakini safari hii hakukiinua. Alikishusha kifuani. Mwili wake mkubwa ulitikisika, na mdogo wake, ambaye hakuwahi kumwona akilia tangu azaliwe, alimshika bega.

"Nililia, mama?" aliuliza baadaye. "Mle ndani?"

"Hapana. Alisema ulikuwa unamtazama tu. Ulilia tulipokuvua nguo zilizolowa."

Wiki iliyofuata Jicho alifanya kazi kama hajawahi kufanya. Alikisafisha kipande kile kwa mafuta na brashi laini, bila kuondoa kutu ya kweli wala alama za mawe ya bustanini, kwa sababu hizo nazo zilikuwa maisha yake. Pale kilipovunjika, chuma kilikuwa kimepinda kidogo kabla ya kukatika, na chini ya kioo aliiona ile mikwaruzo ya upande mmoja, ambapo ubapa wa kisu ulisagana na chuma kingine chini ya uzito mkubwa. Aliichora, akaipiga picha. Ushahidi huo aliuweka mbele ya mkurugenzi pamoja na simulizi ya mama, akisema wazi kipi kimethibitishwa na chuma na kipi kimesemwa na mtu aliyekuwepo. Kadi ya zamani ilichanwa. Kaka ndiye aliyeomba aichane mwenyewe.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulifurika. Wakwe walikuja, vibarua walikuja na mashati yaliyopigwa pasi. Kaka aliposimama kuzungumza, walijiweka sawa, maana hadithi waliijua.

"Kwa miaka mingi nimewasimulia vita nisivyoviona," alianza. "Mmenivumilia. Leo nitawasimulia mto."

Akawasimulia. Hakupaza sauti, na kwa mara ya kwanza watu wa nyuma walisogea mbele ili wasikie. Alimtaja kondakta pia, akaomba wasimame kwa ajili yake, wakasimama. Alipofika mahali pa kiti cha chuma alisema, "Mguu huu ninaosimamia," na hakuweza kuendelea, wala haikuhitajika. Kibarua mmoja mzee alianza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Ndani ya kabati la kioo vililala vitu vitatu: ala, kipande cha kisu cha jeshi, na kile kisu cha plastiki nyeusi. Mama, aliyevaa gauni la bluu aliloshonewa kwa siku hiyo, alisogea na kuinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Nisomee ya huku mwisho," alimwambia binti yake.

Jicho alisoma: "Kisu cha raia. Hakina chapa ya jeshi. Kilinunuliwa na mke wa Koplo ili ala yake isikae tupu."

"Soma tena."

Akasoma tena. Nyuma yao mkurugenzi, wakwe na kundi la watoto wa shule walikuwa wamejazana, wanasukumana. Mama alinyooka, akajitazama kwenye kioo, akaweka sawa mtandio.

"Msibanane," aliwaambia. "Sogeeni kwa zamu, wote mtaona. Na wewe mrefu, pisha mwanga. Haya. Huyu hapa binti yangu, yeye ndiye anayesoma alama. Muulizeni yeye ya chuma. Ya Koplo niulizeni mimi."

Mtoto mmoja alinyoosha mkono akauliza kama kisu kile cha plastiki kiliwahi kukata kitu chochote. Mama alifikiri.

"Keki," alisema. "Ya harusi ya huyu," akamwonyesha kaka, ambaye alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta.